Kununua pawa saplai kwa kampuni inayozama: kisa cha OCZ na PC Power & Cooling

Tuseme ni mwisho wa Novemba 2013 na uko Marekani, unajiundia kompyuta ya mezani. Prosesa unayo, bodi kuu unayo, kadi ya michoro umeshaipata. Umebakiza pawa saplai tu. Dukani unaikuta moja ya OCZ, wati 850, bei imeshuka, na boksi limeandikwa waranti ya miaka kadhaa. Jioni unafungua habari za teknolojia na kusoma kwamba kampuni hiyo inajiandaa kufilisika. Je, utainunua?

Watu wengi walijikuta na swali hilo wakati ule, na linarudi kila kampuni ya vifaa inapoyumba. Ili tulijibu vizuri inabidi turudi nyuma kidogo, maana ndani ya lile boksi la bati kuna historia ndefu kuliko inavyoonekana.

Kwanza, lile boksi linafanya nini?

Umeme wa ukutani ni mkondo geu. Huku kwetu ni volti 230 hadi 240, Marekani ni kama 120. Vifaa vya ndani ya kompyuta vinataka mkondo mnyoofu wa volti ndogo: 12, 5 na 3.3. Kazi ya pawa saplai ni kuubadilisha umeme huo na kuhakikisha volti hazipandi wala kushuka ovyo.

Njia ya zamani ilikuwa transfoma kubwa ya chuma. Inafanya kazi, lakini ni nzito na inapoteza umeme mwingi kama joto. Njia mpya ni ya kuwasha na kuzima: transista inaukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa mwendo huo transfoma ndogo sana inatosha. Mwaka 1977 kompyuta ya Apple II ilitoka na pawa saplai ya aina hiyo, iliyobuniwa na Rod Holt. Ilikuwa nyepesi na haikuhitaji feni. Baadaye Steve Jobs alidai kwamba watengenezaji wote waliiga kazi ya Holt. Wanahistoria wa teknolojia hawakubaliani naye. Mbinu hiyo ilikuwa imeshatumika kwenye setilaiti na vifaa vya kitaalamu tangu miaka ya 1960. Kilichobadilika ni kwamba transista zinazostahimili volti kubwa zilishuka bei. Yaani hata hapa, historia ya pawa saplai ni historia ya bei.

IBM PC ya 1981 ilikuwa na pawa saplai ya wati 63.5 tu. IBM AT ya 1984 ikafika wati 192. Sasa pata picha ya kadi za michoro za leo, ambazo moja peke yake inakula wati 300 na zaidi.

Kampuni iliyojali kelele na joto

Mwaka 1985 Doug Dodson alianzisha PC Power & Cooling huko California. Jina lenyewe linakueleza biashara: umeme na upoozaji. Kipindi hicho wanunuzi wengi walikuwa hawaangalii kabisa pawa saplai iliyokuja na kompyuta. Kampuni hii ikajenga jina kwa kuuza zilizo bora zaidi, kwa bei ya juu. Mstari wa Silencer ulilenga kupunguza kelele, na Turbo-Cool ukalenga nguvu kubwa.

Jambo moja walilolisisitiza linahitaji kuelezwa, kwa sababu mpaka leo linawachanganya watu. Namba ya wati kwenye lebo haina maana mpaka ujue ilipimwa kwenye joto gani. Pawa saplai inayotoa wati 600 kwenye chumba cha nyuzi 25 inaweza kushindwa kuzitoa ndani ya kompyuta iliyopanda mpaka nyuzi 45. PC Power & Cooling walitangaza Turbo-Cool zao kwa kipimo cha nyuzi 50. Wapenzi wa kompyuta waliwaamini kwa sababu hiyo.

Na joto si suala la faraja tu. Kifaa kinachozeeka haraka zaidi ndani ya pawa saplai, ukiacha feni, ni kapasita za maji, yaani zile zenye kimiminika ndani. Mainjinia wana kanuni rahisi: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa karibu nusu. Ndiyo maana utaona baadhi zimeandikwa nyuzi 85 na nyingine 105. Hizo nyuzi 20 za tofauti zinaweza kumaanisha maisha marefu mara nne kwenye mazingira yaleyale.

Ufanisi nao unaingia hapohapo. Kompyuta inayohitaji wati 300, ikitumia pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 70, inavuta karibu wati 430 ukutani. Wati 130 zinageuka joto. Ukipandisha ufanisi hadi asilimia 90, joto linashuka hadi wati 33 hivi. Mpango wa 80 PLUS ulianza 2004 kwa lengo hilo: pawa saplai ipate ufanisi wa asilimia 80 au zaidi ikibeba mzigo mdogo, wa kati na kamili. Ngazi za shaba, fedha na dhahabu zikafuata mwaka 2008.

OCZ inaingia

OCZ Technology ya San Jose, California, ilikuwa kampuni ya aina nyingine kabisa. Ilipata umaarufu kwa kuuza RAM za kasi kwa vijana wanaopenda kuisukuma kompyuta kupita kiwango chake. Mei 2007 ikainunua PC Power & Cooling. Kwa OCZ ilikuwa njia ya mkato: badala ya kujenga heshima kwa miaka 20, unainunua ikiwa tayari.

Kisha zikaja diski za SSD, na OCZ ikaweka kila kitu huko. Mwaka 2010 iliingia soko la hisa la NASDAQ. Mwanzoni mwa 2011 ikatangaza kuachana na biashara ya RAM, ileile iliyoizaa. Mwaka huohuo ikainunua Indilinx, kampuni ya Korea Kusini iliyobuni chipu za kuongoza SSD. Ilitaka kukua haraka, na ili kukua haraka ilishusha bei.

Tatizo la kushusha bei kwenye SSD ni kwamba chipu za kumbukumbu, ambazo ndizo gharama kubwa, zilitengenezwa na kampuni chache kama Samsung, Toshiba, Micron na Intel. OCZ ilikuwa inazinunua kwa watu ambao wengine ni washindani wake. Samsung ikishusha bei inabaki na faida. OCZ ikishusha bei inajikata yenyewe.

Ubora nao ukayumba. Tovuti ya Kifaransa hardware.fr, iliyokuwa ikichapisha takwimu za bidhaa zilizorudishwa dukani, ilionyesha kwamba baadhi ya modeli za Petrol za OCZ zilirudishwa kwa zaidi ya theluthi moja. Hapo tunazungumzia bidhaa mpya! Septemba 2012 mwanzilishi wake, Ryan Petersen, akaondoka kwenye kiti cha mkurugenzi mkuu. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kwamba hesabu zake zilizokwisha kutolewa zitabidi zirekebishwe, kwa sababu ya namna ilivyohesabu punguzo na motisha kwa wateja.

Angalia kitu hapa. Pawa saplai haikuhusika na balaa hilo lote. Kidonda kilikuwa kwenye SSD. Lakini mwili ulikuwa mmoja.

Novemba 2013 hadi Januari 2014

Tarehe 27 Novemba 2013 OCZ ilitangaza kwamba mkopeshaji wake, Hercules, amechukua udhibiti wa akaunti zake za benki, na kwamba inazungumza na Toshiba kuhusu kuuza mali zake. Tarehe 2 Desemba ikafungua maombi ya kufilisika. Toshiba ikakubali kulipa dola milioni 35 kwa biashara ya SSD. Mauzo yakakamilika Januari 2014.

Umeona ni nini kimeachwa? Toshiba ilitaka SSD, pawa saplai haikuzitaka. Kitengo hicho kikanunuliwa mwaka huohuo wa 2014 na kampuni nyingine, Firepower Technology, iliyoendelea kuuza kwa jina la PC Power & Cooling. Kufa kufaana, walisema wahenga.

Sasa rudi kwenye lile boksi lako la wati 850. Lebo inasema OCZ. Jina OCZ limekwenda Toshiba. Biashara ya pawa saplai imekwenda Firepower. Na kampuni iliyokuuzia, kisheria, ni mabaki yanayogawanywa na mahakama. Ikiungua, unampigia nani?

Waranti ni deni

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunaiona waranti kama sehemu ya kifaa, kama skrubu au waya. Ukweli ni kwamba waranti ni deni. Kampuni imekukopa ahadi: “kikiharibika ndani ya miaka mitano, tutakulipa kingine.” Ukinunua, unakuwa mdai wake.

Kampuni ikifilisika, wadai wanapangwa foleni. Mbele wanakaa waliokopesha kwa kushika mali rehani, kama Hercules. Nyuma wanakaa wasioshika chochote, wakiwemo wenye bidhaa za waranti. Wewe na karatasi yako ya dukani mko huko nyuma kabisa, pamoja na waliouza vipuri kwa mkopo.

Kuna tumaini moja. Anayenunua mali za kampuni iliyofilisika anachagua madeni atakayoyabeba, na mara nyingi huona ni busara kubeba waranti, kwa sababu anataka jina alilolinunua liendelee kuaminika. Lakini huo ni uamuzi wake. Mtu aliyenunua pawa saplai ya OCZ wiki ya kwanza ya Desemba 2013 alikuwa anakisia tu: hakujua nani atakinunua kitengo, wala kama ataheshimu ahadi za zamani.

Nani aliitengeneza hasa?

Kuna upande wa pili ambao unaweza kukufariji. Kampuni nyingi zinazouza pawa saplai hazina kiwanda. Zinatoa oda kwa watengenezaji wa Asia, zinaweka lebo, zinauza. Baadhi ya Silencer za PC Power & Cooling, mathalani ile ya wati 750, zilitengenezwa na Seasonic ya Taiwan, kampuni iliyokuwepo tangu 1975 na ambayo inauza pia kwa jina lake.

Maana yake ni kwamba kampuni ya lebo inaweza kufa huku kiwanda kikiwa kizima kabisa. Kwa bidhaa zenye cheti cha usalama cha UL, kwenye lebo huwa kuna namba inayoanza na herufi E. Ukiitafuta, mara nyingi inakupeleka kwa mtengenezaji halisi. Si kila mara, kwa sababu wauzaji wengine husajili namba yao wenyewe, lakini ni pa kuanzia.

Kwa hiyo maswali ni mawili, na tusiyachanganye. La kwanza ni la fizikia: je, kifaa hiki ni kizuri? Jibu lake liko kwenye kapasita, joto, ufanisi na kiwanda. La pili ni la biashara: je, atakayeniahidi atakuwepo? Kufilisika kunajibu la pili tu. Isipokuwa kwa tahadhari moja: kampuni inapokosa pesa kwa muda mrefu, huenda ikaanza kubana gharama kwenye vipuri pia. Ndiyo maana bidhaa ileile iliyotengenezwa kabla ya matatizo inaweza kuwa salama kuliko ya mwisho mwisho.

Basi, ununue au usinunue?

Ukikutana na hali kama hii leo, fanya hesabu ukiwa umeifuta waranti kichwani. Jiulize: bila ahadi yoyote, kifaa hiki kina thamani gani kwangu? Kama bei imeshuka kuliko thamani hiyo, na mtengenezaji halisi unamjua, unaweza kununua kwa amani. Kama punguzo ni dogo, unauziwa ahadi ya mtu anayeondoka.

Kumbuka pia kwamba pawa saplai si kama feni au kibodi. Ikifa vibaya inaweza kuondoka na bodi kuu na diski yenye tasnifu yako. Kuokoa kiasi kidogo kwa kuhatarisha kifaa cha thamani mara kumi si kubana matumizi.

Na kwa sisi tunaonunua kompyuta za mtumba kutoka Marekani, kuna jambo la kuangalia kabla ya yote. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Ikiwa kwenye 115, saketi ya kuingilia huizidisha volti mara mbili. Ukiichomeka kwenye volti 240, kila kapasita kubwa ya ndani inapata karibu volti 340, wakati kwa kawaida imetengenezwa kwa 200. Utasikia mlio, utaona moshi, na hakuna waranti itakayokusaidia hata kama kampuni iko hai. Isogeze kwenye 230 kwanza, kisha ndipo uichomeke.