Kesi ya mbio ya 1896: shilingi moja na sheria iliyochelewa

Mimi nilisoma agronomia, si sheria. Lakini iko kesi moja ya barabarani yenye kufaa tuijue wote, na ndani yake kuko hata mashini za shamba.

Ni Januari 1896, Paddock Wood, eneo la Kent, Uingereza. Walter Arnold, mtu wa kuuzisha magari ya Benz, alipita na gari lake kwa mbio ya karibu kilometa 13 kwa saa. Polisi mmoja akapanda kinga, akamfuata karibu kilometa 8 mpaka akamkamata. Ndani ya mji sheria iliruhusu maili 2 kwa saa, ni kusema kilometa 3 tu. Mama anayetoka sokoni na kitunga kichwani anapita hiyo mbio!

Sheria ya namna ile ilitoka wapi? Hapa ndipo agronomia inaingia. Iliandikwa 1865 juu ya mashini nzito za mvuke, zile zilikuwa zinavuta mizigo na kupeleka mashini za kupura ngano toka shamba moja mpaka lingine. Zilikuwa za matani mengi, zinaharibu barabara, zinatisha farasi. Ndiyo maana ilidai watu watatu, mmoja atangulie kwa miguu na bendera nyekundu. Wengi wanasimulia kama Arnold alihukumiwa juu ya bendera. Hapana: bendera ililegezwa tangu 1878, mtu wa mbele tu ndiye alibakia.

Ku tribinali, avoka wake alisema sheria ile haikuwaza gari la aina hii. Hoja ilikuwa na uzito, lakini jaji anahukumu sheria iliyopo. Kwa kosa la mbio, Arnold alikatiwa amandi ya shilingi moja, na gharama juu yake.

Mwaka uleule, bunge lilibadilisha sheria. Kuanzia tarehe 14 Novemba 1896, magari mepesi yaliruhusiwa mpaka maili 14 kwa saa, hata kama serikali ilipunguza ikawa 12. Siku ile wenye magari walisafiri toka London mpaka Brighton kwa furaha. Sisemi ni kesi hii peke yake ilileta mabadiliko. Wenye magari walikuwa wanasukuma bunge. Lakini kesi ilionyesha wazi, kwa maandishi, kama sheria imechelewa.

Kwetu, kodi ya barabara ni ya 1978, kabla ya pikipiki za taksi kujaa mijini. Tukikamatwa, mara nyingi tunabishana kando ya barabara, tunatoa kitu bila karatasi, tunaenda. Hakuna PV, hakuna jaji, hakuna mutu anajua kipi hakifai tena. Kesi inayoishia barabarani haifundishe bunge kitu.

Tuombe karatasi kwanza. Wenzetu wa sheria, munasema nini?