Mabinti wa Cathay: Sehemu ya 3

ILIPOISHIA: Fundi mmoja wa reli mjini Brisbane amekubali, kwa shingo upande, kumpeleka bintiye kuona jambo ambalo dunia haijapata kuliona: mechi ya Test, yaani ya kimataifa, ya kriketi ya wanawake, Australia na Uingereza, kuanzia Desemba 28, 1934. Klabu ya wasichana imemwandikia binti barua ya kumkaribisha, lakini baba hajatia saini. (Baba na bintiye ni wa kubuni. Mechi, wachezaji na hesabu za uwanjani ni za kweli.) ENDELEA...

“Timu nzima?”

“Timu nzima, baba.”

“Kwa mikimbio 47?”

Binti hakujibu. Alikuwa akimtazama Myrtle Maclagan, mrushaji wa Uingereza, akirudi taratibu kuelekea kwenye jengo la wachezaji, sketi nyeupe, soksi ndefu nyeupe, uso umeiva kwa jua la Queensland. Wenzake walimpisha atangulie. Alistahili. Katika ova 17 alizorusha, yaani vipindi vya kurusha mpira, 11 hazikutoa hata mkimbio mmoja. Wapigaji 7 wa Australia aliwatoa yeye, na kwa kazi yote hiyo alikuwa amewapa mikimbio 10 tu.

Hakuwa akirusha kwa nguvu. Hilo ndilo lililomuuma binti zaidi. Mpira wa Maclagan uliondoka mkononi kwa upole, ukadunda, halafu ukapinda kidogo kuelekea ndani, na wapigaji wakawa wanapitisha gongo pale ambapo mpira ulikuwa umeshapita.

Baba alivua kofia akajipepea. “Nilikwambia mapema, mwanangu. Huu si mchezo wenu.”

Watu wa safu ya mbele walicheka. Binti aliinamisha kichwa, lakini kwa muda mfupi tu.

“Baba, mwaka 1928 ulikaa wapi humu uwanjani?”

“Pale.” Baba alinyoosha kidole bila kufikiri. Mechi ile alikuwa ameisimulia nyumbani mara nyingi. Hapa hapa, kwenye Exhibition Ground, uwanja wa maonyesho ya kilimo, wanaume wa Uingereza waliishinda Australia kwa mikimbio 675. Katika zamu ya pili Waaustralia walitoka kwa 66.

“Na yule kijana aliyekuwa akicheza Test yake ya kwanza, alipata ngapi?”

Baba akaona mtego unakotegwa. Alikohoa. “18. Halafu 1.”

“Wakamfanya nini?”

“Walimwacha nje mechi iliyofuata.”

“Halafu?”

“Halafu wakamrudisha, binti yangu! Nani asiyejua? Ni Don Bradman!”

“Mwaka huu kule Leeds amepata ngapi?”

“304,” alisema baba, na sauti yake ikalainika kama kawaida yake kila lilipotajwa jina hilo.

“Wanaume walipotoka kwa 66 hukusema kriketi si mchezo wao. Wanawake ndiyo kwanza wanacheza leo.”

Mbele yao hakuna aliyecheka tena.

Hapa msomaji niruhusu nisimame kidogo, maana wageni wale wa Uingereza hawakufika Brisbane kwa kuletwa. Walipanda meli ya Cathay mwezi Oktoba, na kila mmoja alijilipia nauli. Katika miaka ile ya dhiki, pesa za safari hiyo hazikuwa mchezo, na bila shaka wako Waingereza waliojua kurusha mpira kuliko baadhi ya waliosafiri, ila wakabaki nyumbani kwa kukosa nauli. Chama chao cha kriketi ya wanawake kilikuwa na umri wa miaka 8 tu. Nahodha, Betty Archdale, alikuwa msomi wa sheria. Mama yake, Helen, alipata kufungwa jela kwa kupigania kura ya wanawake, na Betty alipokuwa mtoto alimwokotea mama yake mawe ya kuvunjia vioo vya madirisha. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kutishwa na kicheko cha jukwaani.

Upande wa Australia, nahodha Margaret Peden alikuwa binti wa profesa wa sheria wa Sydney, na alihangaika sana kuhakikisha ziara hiyo inafanyika. Alihangaika wakati mbaya. Haikuwa imetimia hata miaka miwili tangu warushaji wa Uingereza wa kiume, chini ya Douglas Jardine, wawalenge Waaustralia miilini. Bert Oldfield wa Australia alipasuka fuvu kule Adelaide, na mataifa mawili yakatumiana telegramu za hasira. Ndani ya uchungu huo, wanawake hawa walikaribishana.

“Hao ni watoto wa wakubwa,” baba alinung’unika, akijaribu njia nyingine. “Profesa, afisa wa jeshi, mwanasheria. Sisi tuna nini?”

“Tuna yule.”

Binti alimwonyesha msichana mdogo wa umbo aliyekuwa akitoka na wenzake kwenda kulinda, kwa kuwa sasa Uingereza walikuwa wanaingia kupiga. Peggy Antonio, miaka 17, kutoka Melbourne. Alifanya kazi katika kiwanda cha kutengeneza maboksi ya viatu, na magazeti yalimfananisha na Clarrie Grimmett, bingwa wa kuuzungusha mpira.

“Kiwandani?” baba aliuliza.

“Kiwandani, baba.”

Baba akavaa kofia yake. Kuanzia hapo alitazama mchezo akiwa ameegemea mbele.

Maclagan yule yule ndiye aliyewasumbua tena. Safari hii alishika gongo, akajenga mkimbio mmoja baada ya mwingine hadi 72, na ilionekana Uingereza wangepiga mpaka kuchoka. Lakini Australia walikuwa na Anne Palmer. Kila alipopewa mpira, kitu kilitokea. Wiketi, mpigaji nje. Kisha nyingine. Ile ya tano ilipoanguka, baba alikuwa amesimama bila kujijua, na jirani aliyekuwa akicheka alikuwa akimpigapiga begani. Palmer alimaliza na wiketi 7 kwa mikimbio 18, na Uingereza nzima ikatoka kwa 154.

Binti alikuwa amepiga hesabu kabla ubao haujaandikwa. “Wanatuzidi 107.”

“Ni nyingi kwa watu waliopata 47,” baba alisema. Alikaa kimya, kisha akageuka. “Haya. Tuwekeane ahadi. Wakizivuka hizo 107, Waingereza wakalazimika kuingia tena kupiga, barua yako ya klabu naitia saini leo leo. Wakishindwa, lile gongo la mjomba wako linakwenda kwa kaka yako, na neno kriketi nisilisikie tena mezani.”

Binti alimeza mate. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angekubali.

“Nimekubali.”

Zamu ya pili ilianza vibaya. Mary Spear alichukua mpira, na ikawa kama amefunga lango. Ova nzima ilipita bila mkimbio. Nyingine ikapita. Wapigaji walizuia, wakazuia tena, na wale walioshindwa kuvumilia walirudi jengoni wakiburuta magongo. Binti aliandika kila mkimbio kwa penseli nyuma ya bahasha ya barua ya klabu. Ile 107 aliyoiandika juu na kuizungushia duara ilikuwa bado mbali mno.

Ndipo akaingia Essie Shevill wa New South Wales. Hakuwa na haraka. Aliupima mstari, akatazama walinzi walivyopangwa, akauacha mpira wa kwanza mbaya upite, na ule uliofuata akausukumia penye nafasi.

“Huyu anajua,” baba alisema polepole.

“Mkataba uko pale pale, baba. 107.”

Baba hakuitika. Aliitazama bahasha mikononi mwa bintiye, akatazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mtu mwenye hofu.

“Mwanangu, kuna neno sijakwambia. Klabu hawakukuandikia wewe peke yako. Waliniandikia na mimi.”

“Lini?”

“Kabla ya Krismasi. Walitaka jibu kabla ya mwaka mpya.” Akashusha pumzi. “Nimeshawajibu.”

Penseli ilimponyoka binti ikabingirika chini ya viti.

“Umewajibu nini, baba?”

Jukwaa zima likalipuka kwa kelele. Watu walisimama mbele yao, wakawaziba wasione uwanja. Baba alifungua mdomo, akasema neno moja, na binti hakulisikia.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO