Vyumba vya Wageni Shela: Aliyelala Juu Anasimuliwa, Aliyelala Chini Je?

Picha mshaiona. Kitanda cha mbao chenye chandarua cheupe, ukuta mweupe pee, vishubaka vimejipanga ukutani, juu boriti zimelala mstari mmoja mmoja, na chini ya picha mtu kaandika "Lamu raha". Desemba ikifika, picha za namna hiyo zinajaa mtandaoni mpaka unajiona wewe peke yako ndiye hujaenda.

Nyingi ya hizo hata hazipigwi Lamu mjini. Zinapigwa Shela, kijiji kilicho kama kilomita 3 kutoka mjini, kwenye kisiwa kilekile. Kwa mguu unafuata ufuo dakika 40 hivi, kwa boti ni dakika chache tu. Vichochoro ni vyembamba, mzigo unabebwa na punda, na kila ukikata kona unakutana na nyumba ya zamani inayolaza wageni. Unapewa chumba, asubuhi unapanda juu darini kunywa chai na mahamri huku upepo wa bahari unakupuliza. Raha tupu, hakuna anayebisha.

Ila vile vyumba havikuanza na mtalii. Nyumba za mawe za Lamu na Shela zilikuwa na chumba cha mgeni kabla hata neno hoteli halijafika pwani. Na mgeni huyo alipokuwa analala juu, kuna watu walikuwa wanalala chini yake. Habari za mgeni utasimuliwa. Habari za hao wengine ni mpaka uulize.

MGENI ALIYELETWA NA UPEPO

Zamani safari ya bahari ilikuwa chini ya amri ya upepo. Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi hivi, ikileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Halafu inageuka, inakuja kusi, kuanzia Aprili, na hiyo ndiyo inayowarudisha makwao. Sasa wewe umeshuka Januari na mzigo wako wa tende, nguo na vyombo. Utaondoka vipi kabla upepo haujageuka? Huondoki. Unakaa wiki, unakaa miezi.

Unakaa wapi? Kwa mwenyeji wako. Waungwana wa Lamu, yaani matajiri wenye nyumba za mawe, walikuwa wanampokea mfanyabiashara mgeni nyumbani kwao. Mgeni halipi chumba wala chakula. Lakini msidhani ni ukarimu mtupu. Mgeni aliyelala kwako ndiye atakayefanya biashara na wewe: pembe za ndovu, nafaka, boriti za mikoko, vyote atanunua kupitia kwako. Chumba kizuri kilikuwa mtaji. Mgeni akitazama nyumba anapiga hesabu zake kimyakimya, kwamba huyu anakopesheka au hakopesheki.

Chumba chake kiliitwa sabule. Na hapa ndipo mafundi wa zamani walipoonyesha akili. Mlangoni kwa nje kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe, pale wanaume wanapozungumza na kunywa kahawa. Ukiingia unakuta tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, ambao umekunjwa kona makusudi ili anayepita njiani asione ndani. Mgeni alipangiwa njia ya kwenda sabule bila kupita katikati ya familia. Analala, anakula, anatoka, na wanawake wa nyumba hajawaona hata kivuli.

Familia ilikuwa huko ndani zaidi. Kuna kiwanda, ule uwanja wa katikati unaoingiza mwanga na hewa. Kutoka kiwandani unaingia msana wa kwanza, kisha msana wa pili, kisha ndani yenyewe, chumba cha bibi mwenye nyumba. Kadiri unavyoingia ndivyo kunavyozidi kuwa na heshima na giza kidogo. Mambo mazito ya ukoo, uzazi na msiba, yalifanyika huko nyuma kabisa. Na ukuta wa ndani ndio ulikuwa na zidaka, hivyo vishubaka mnavyovipenda kwenye picha, vikipambwa kwa sahani na bakuli za kutoka Uchina.

Hata chooni kulikuwa na ufundi. Pembeni lipo birika la maji lililojengewa, na ndani yake wanafuga visamaki vidogo ili vile viluwiluwi vya mbu vikitokea viliwe. Hakuna dawa ya kupuliza, ni samaki tu na kazi yake.

KWA NINI CHUMBA NI CHEMBAMBA

Ukilala kwenye nyumba hizi utagundua kitu: vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana haufiki mita 3. Siyo kwamba mwenye nyumba alikosa kiwanja. Dari inashikiliwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi urefu huo haiwezi tena kubeba uzito wa sakafu ya mawe na chokaa iliyo juu yake. Kwa hiyo mti ndio uliopima chumba. Boriti hizohizo zilisafirishwa mpaka Oman na nchi za Ghuba, na nyumba nyingi za zamani za huko nazo zina vyumba vya upana kama huohuo. Mti uliokatwa kwenye mikoko ya Lamu ulikuwa unapima chumba cha mtu aliyeko Ghuba.

Kuta nazo ni nene, kama nusu mita. Mawe yake ni ya matumbawe. Mengine yanachimbwa nchi kavu, yale laini ya kuchongea mapambo yanatolewa baharini. Chokaa inapatikana kwa kuchoma hayohayo matumbawe: zinapangwa kuni rundo kubwa, mawe yanawekwa juu, moto unawaka, kisha jivu jeupe linaachwa likae muda mrefu na maji mpaka lilainike.

Sasa jiulize swali la kawaida tu. Nani alizama kuyatoa hayo mawe? Nani alisimama kwenye matope ya mikoko, mbu juu na kaa chini, akikata boriti? Nani aliyabeba?

WALIOBEBA

Jibu ni fupi. Mafundi wa ujenzi walikuwepo na waliheshimika. Lakini ule ubebaji, ukataji na uchomaji, sehemu kubwa ilikuwa kazi ya watumwa.

Karne ya 19 Lamu ilitajirika sana kwa mashamba ya bara, ng'ambo ya kisiwa. Huko walilimisha watumwa mtama na ufuta, na mavuno yakapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Shela nayo ilikuwa kwenye chati. Watu wake wanasema asili yao ni Takwa, mji uliohamwa kule kisiwa cha Manda, ambako mpaka leo huenda kuzuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 palepale ufuoni Shela, watu wa Lamu waliwapiga majeshi ya Mombasa na Pate. Baada ya ushindi huo Lamu ikafungamana na Sayyid Said wa Oman, biashara ikafunguka, na msikiti wa Ijumaa wa Shela, ule wenye mnara mrefu kama koni mnaouona kwenye kila picha, ukajengwa mwaka 1829.

Vita vinasimuliwa. Msikiti una tarehe. Waliobeba mawe hawana hata orodha.

Na si kwamba walikosa majina. Walizaliwa huko bara, wengi kusini, maeneo ambayo leo ni Malawi, Msumbiji na kusini mwa Tanzania, wakapewa majina na mama zao. Walipofika pwani wakabatizwa upya na waliowanunua: Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka. Majina mazuri ukiyasikia, ya neema na ya vito. Lakini jina la kito kwa mtu aliyenunuliwa linamhusu nani, yeye au aliyemnunua? Lile la kwanza likapotea. Anayelifahamu alibaki kijijini akisubiri mtu ambaye hakurudi.

WALIOLALA CHINI

Turudi kwenye vyumba. Si kila nyumba ilikuwa na ghorofa. Zile za chini tupu familia ilikaa hapohapo. Lakini kwenye nyumba za ghorofa mpangilio ulikuwa unajulikana: waungwana juu, kwenye upepo na mwanga, na sehemu ya chini ni stoo ya bidhaa pamoja na watumwa wa nyumbani. Gunia na mtu, chumba kimoja au vinavyopakana.

Jiko lilikuwa juu, ili moshi utoke na harufu isikae. Kisima kilikuwa chini. Katikati yake kuna ngazi za mawe. Kila tone la kupikia, la kuoga mgeni, la kujaza lile birika lenye visamaki, lilipanda ngazi hizo kichwani kwa mtu. Alfajiri, kabla mgeni wa sabule hajafungua macho, kuna msichana keshapanda mara kadhaa.

Mgeni alikaa miezi, upepo ukageuka, akaondoka. Yeye akabaki.

Wengine hawakukubali. Waliokimbia mashambani na majumbani waliitwa watoro, na wengi wao waliingia bara kuelekea Witu, ambako Sultani Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, aliwapokea na kuwaweka miongoni mwa watu wake. Kwa hiyo msije mkadhani wote waliinamisha kichwa tu. Kulikuwa na watu waliotazama zile ngazi siku moja wakasema basi.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Lakini huku pwani ya Kenya ilisubiriwa mpaka 1907, chini ya serikali ya Waingereza. Na sikilizeni hii: fidia ilipolipwa, walipewa mabwana kwa kupoteza "mali" yao. Aliyepanda ngazi hakupata kitu.

NYUMBA ZIKAGEUKA

Baada ya hapo utajiri ukapungua. Mashamba yalikosa watu, meli kubwa zikahamia Mombasa, na Shela ikapoa kabisa. Nyumba nyingi zilibomoka, boriti zikaanguka, mbuzi wakaingia misanani.

Miaka ya 1960 na 1970 wakaja wageni wapya, safari hii vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mabegi mgongoni, waliolala juu ya mapaa kwa hela ndogo. Nyuma yao wakafuata wenye hela kubwa. Wakaanza kununua magofu na kuyatengeneza upya. Warithi waliuza, na ukiangalia utawaelewa: nyumba moja ina warithi kumi na kitu, kila mmoja ana fungu lake kwa sheria ya mirathi, na gharama ya kukarabati ukuta wa matumbawe si mchezo. Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na bei zikapanda zaidi.

Leo sabule inalipiwa. Na vyumba vya chini? Katika baadhi ya nyumba vimepakwa chokaa upya, vimewekewa bafu na feni, vinauzwa kwa mgeni kama vingine. Mtu analala vizuri, anapiga picha, anaondoka. Anasimuliwa kwamba nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara tajiri. Ni kweli. Ila ni nusu.

KWA NINI HAISEMWI

Rahisi kusema wenye nyumba wanaficha ili biashara isiharibike. Ipo hiyo. Lakini kuna jambo zito zaidi. Pwani, kumwambia mtu babu yake alikuwa mtumwa bado ni tusi. Ndoa zimevunjika kabla hazijafungwa kwa neno hilo moja. Wapo waliozikwa na siri hiyo makusudi, ili wajukuu wao wapumue. Ukianza kuchimba nani ni wa juu na nani ni wa chini, unaweza kumuumiza mtu aliye hai kwa kisingizio cha kumheshimu aliyekufa.

Lakini chumba hakina ukoo wa kuaibika. Unaweza kusema, "Hapa walilala watu walioijenga na kuihudumia nyumba hii, majina yao hayakuandikwa," bila kumnyooshea kidole mtu yeyote mtaani. Kibao kidogo tu mlangoni kinatosha. Au mtembeza wageni aongeze sentensi mbili baada ya zile za zidaka na bakuli za Uchina.

Na nyie mnaopanga kwenda Desemba, nendeni. Kuleni mahamri, pigeni picha. Wanaofanya kazi kwenye nyumba hizo leo wana mishahara na majina, waulizeni majina yao. Mkipanda kwenda darini, hesabuni ngazi. Halafu fikirieni kuzipanda na mtungi kichwani, gizani, mgeni akiwa bado amelala.

Haya wadau, kama wewe ni wa Lamu au Shela na bibi yako aliwahi kukusimulia habari za vyumba vya chini, dondosha hapo chini. Majina ya watu si lazima. Hadithi inatosha.