Wasifu wa Kapteni Juu ya Lango

Ukiingia Fort Jesus, Mombasa, inua macho kabla hujalipita lango. Juu yake kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ambalo wengi hulipita wakidhani ni pambo. Mimi nalihesabu kuwa waraka wa kwanza katika hazina ya makumbusho hayo, tena mrefu kuliko vibao vingi vya maelezo vilivyomo ndani. Ngome ilianza kujengwa 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na baadaye ikawa makumbusho. Muda wote huo jiwe limeendelea kusema lile lile.

Linasema kwamba mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira, akiwa na umri wa miaka 27, aliteuliwa kuwa kapteni wa ngome kwa miaka minne, akaijenga upya na kuiongezea chumba cha walinzi. Baada ya hapo zinaanza sifa. Aliwarudisha chini ya mfalme wake watu wa pwani walioasi pamoja na mtawala wao dhalimu. Aliwatoza kodi wafalme wa Utondwe, Manda, Uziwa na Chaka. Pate na Siyu alikwenda kuziadhibu mwenyewe, hadi kuta za miji zikabomolewa. Aliwaadhibu Wamuzungulo. Huko Pemba aliwaua magavana walioasi na wakubwa wote wenye sifa, kwa uamuzi wake mwenyewe. Kisha inakuja orodha ya malipo: cheo katika nyumba ya mfalme, posho ya milreis 50 kwa mwaka, ugavana wa Jaffna kwa miaka sita.

Nilipoisoma tafsiri yake kwa mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu ni wasifu wa kazi. Yeyote aliyewahi kutuma maombi ya ajira anaijua sauti hii: nilisimamia, niliboresha, nilifanikisha. Kijana wa miaka 27 anataka kupandishwa cheo, na kuta za Pate zimo kwenye orodha moja na chumba cha walinzi.

Lakini mtawala dhalimu ni nani? Jiwe halimtaji. Ni Yusuf bin Hassan, na pengine hakuna mtu wa karne ile ya 17 pwani hii ambaye maisha yake yalikaribia zaidi kuwa riwaya. Baba yake, Sultani Hassan, aligombana na Wareno akakimbilia bara. Mwaka 1614 aliuawa huko na Wamuzungulo, ambao wanahistoria huwahusisha na mababu wa Wamijikenda. Walikuwa wamelipwa na Wareno kuifanya kazi hiyo. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mtoto naye alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiagostino, akabatizwa Jerónimo, akaoa huko. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa awe mfalme Mkristo anayeaminika.

Hakuaminika. Inasimuliwa kwamba Mreno mmoja alimwona akiomba dua ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, akaenda kutoa taarifa. Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na siku zilizofuata Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika pia, waliuawa. Mapema 1632 manowari kutoka Goa zilimzingira zikashindwa. Miezi michache baadaye aliihama ngome mwenyewe, akachukua mizinga, akageuka haramia wa baharini. Alifia Jeddah 1638.

Jiwe lilichongwa mwaka mmoja baada ya hapo. Wamuzungulo waliolipwa 1614 wamo humo, sasa kama watu waliostahili adhabu. Cabreira hakuona haja ya kueleza mabadiliko hayo, na aliyekuwa akimsomea wasifu huo hakuhitaji kuelezwa.

Kuna waraka mwingine wa tukio lile lile, nao hauko Mombasa. Mwaka 1632, huko Goa, mashahidi walionusurika walihojiwa ili Kanisa liamue kama waliouawa ni wafia dini. Kwa hiyo majina ya marehemu yalitafutwa na kuandikwa, kwa kuwa mtakatifu hawezi kutangazwa bila jina. Huwa naziweka karatasi hizo kichwani kando ya mstari ule wa Pemba. Wakubwa wote wenye sifa. Walikuwa wangapi? Mwenye kuua ndiye anayetuambia walikuwa na sifa, halafu hataji hata mmoja. Siwadharau waliokufa Mombasa, nao walikuwa wa watu. Nasema tu kwamba katika nyaraka za ngome ile, kumbukumbu ya mtu ilitegemea kama kuna ofisi iliyohitaji jina lake. Na Yusuf mwenyewe, kwa zaidi ya miaka mia tatu, amesimuliwa kwa wingi na watu aliowakimbiza.

Ndani ya makumbusho kuna ushahidi wa namna nyingine, ambao haukuandikwa kumfurahisha mfalme yeyote. Kuna mabaki ya Santo António de Tanná, meli iliyotumwa kutoka Goa kuiokoa ngome wakati Waomani na washirika wao wameizingira. Ilizama mbele yake 1697, mwaka mmoja kabla ngome haijaanguka, na wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Vyungu na vyombo vyake havijisifu.

Kuna pia kipande cha ukuta, plasta iliyobanduliwa kwenye buruji moja la ngome. Walinzi wa Kireno waliokuwa zamu, labda wakiwa wamechoshwa na joto na kungojea, walichora juu yake kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye kamba na matanga, samaki, watu. Merikebu ndizo zilizochorwa kwa uangalifu zaidi. Kila kamba iko mahali pake, kazi ya mtu aliyewahi kuzivuta na aliyetaka moja ije imchukue. Hakuandika jina, wala cheo, wala mwaka. Wageni wengi hupita hapo haraka, wanakwenda kupiga picha kwenye mizinga.