Mumiani: Historia ya Hofu ya Damu na Fundisho Lake kwa Kanisa

Tarehe 1 Oktoba 2016 watu 3 waliotoka Arusha waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma. Wawili walikuwa watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo Selian, na wa tatu alikuwa dereva wao. Walikuwa katika kazi ya kukusanya sampuli za udongo. Uvumi ukaenea kwamba ni wanyonya damu, yaani mumiani; wakashambuliwa na kuuawa, na moto ukatumika. Taarifa zilizotolewa siku zile zilieleza kwamba wito wa kuwakusanya watu ulipigwa kwa kipaza sauti cha kanisa.

Selian ni jirani yetu sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru. Lakini lililotusukuma kuandika ni habari ya kile kipaza sauti. Katika makala haya tunakusudia kuuliza: hofu hii ilitoka wapi, na kwa nini iliweza kupata sauti ndani ya kanisa?

Neno na asili yake

Neno mumiani lilifika pwani yetu kutoka Uajemi na Bara Hindi. Hapo kwanza lilikuwa jina la dawa: kitu cheusi kama gundi au lami, kilichopakwa penye mfupa uliovunjika, au kuyeyushwa katika samli na kunywewa. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyoganda, na kwamba uvumi wa kutafutwa mumiani ulipozuka, watu wa mjini waliogopa kutoka nje baada ya jua kuchwa. Hivyo jina la dawa likawa jina la hofu, na baadaye likawa jina la mtu awindaye damu.

Tusiharakishe kuwacheka wazee wetu. Katika Ulaya ya karne ya 16 na ya 17 wauza dawa waliuza unga wa maiti zilizokaushwa za Misri, na wagonjwa waliunywa. Wazo kwamba mwili wa mtu mmoja waweza kufanywa dawa ya mwingine halikuzaliwa Afrika.

Wazimamoto

Wakati wa ukoloni hofu hii ilipata sura mpya. Katika miji ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam watu walisema kwamba wazimamoto ndio wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Huku kwetu Tanganyika lilitumika pia jina la chinjachinja, na katika Katanga, Kongo, waliitwa batumbula. Huko Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kujaribu kumuuza mwenzake katika kituo cha zimamoto. Kumbe uvumi ulikuwa umesadikiwa kiasi cha kumfanya mtu aone kwamba kuna soko.

Tukilinganisha na visiwa vya Karibi, tunaona tofauti yenye maana. Huko Trinidad husimuliwa habari za soucouyant, mwanamke mzee avuaye ngozi yake usiku, akaruka kama mpira wa moto na kunyonya damu ya majirani zake. Kinga yake ni mchele uliomwagwa, kwa maana hana budi kuuokota punje moja moja mpaka kunapambazuka. Yule ni jirani. Mumiani wetu ni mgeni mwenye gari, mwenye sare, vifaa na mshahara.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu masimulizi haya, ametufundisha kwamba yaweza kusomwa kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala wa kikoloni. Nasi tukifikiri hivyo, mengi hueleweka. Serikali ilichukua kodi, ikachukua vijana kwenda kazini na vitani. Waganga wake walikuja na sindano za buba na kutoa damu kwa ajili ya uchunguzi, mara nyingi bila maelezo ambayo mwanakijiji angeweza kuyaelewa. Mtu akichukuliwa vitu vyake mara kwa mara na watu asioweza kuwauliza, si ajabu akisema wanamnyonya damu.

Hata hivyo hapana budi kusema kwamba uvumi si njia pekee ya kulalamika. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha, wakaandika madai yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akayafikisha Umoja wa Mataifa huko New York. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini aliyenyang'anya alitajwa kwa jina lake, mbele ya wenye uwezo wa kumhoji. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Uvumi wa mumiani hubeba uchungu wa kweli, lakini huutua juu ya mtu asiyehusika, na mara nyingi juu ya mnyonge aliyepita njiani.

Kanisa kama mshtakiwa na kama mshtaki

Sisi Wakristo tunapaswa kuijua hofu hii kuliko wengine, kwa sababu tuliwahi kushtakiwa kwayo. Katika karne ya 2 wapagani walidai kwamba Wakristo huchinja watoto na kula nyama yao katika mikutano ya siri. Tertulliano wa Karthago, mnamo mwaka 197, aliandika utetezi akitaka mashtaka hayo yachunguzwe badala ya kusadikiwa.

Lakini Kanisa lilipopata nguvu lilisahau. Baada ya kijana mmoja kuuawa huko Norwich, Uingereza, mwaka 1144, Wayahudi walisingiziwa kifo chake. Karne zilizofuata wakadaiwa kutafuta damu ya watoto wa Kikristo, na mwaka 1475 huko Trento, Italia, wengi waliteswa na kuuawa kwa shtaka hilo. Kwa masikitiko twakiri kwamba hata Martin Luther, katika maandishi yake ya mwaka 1543, aliyarudia madai kwamba Wayahudi hutia sumu visimani na kuiba watoto. Mwaka 1984, katika mkutano wake wa Budapest, Fungamano la Kilutheri la Dunia lilijitenga na maneno hayo ya Luther dhidi ya Wayahudi. Ilichukua miaka 441.

Kwa hiyo basi, yaliyotokea mwaka 2016 si jambo geni katika historia ya Kanisa. Amri ya nane, ambayo tunawafundisha vijana wa kipaimara kila mwaka, inakataza kumshuhudia jirani uongo. Na Luther mwenyewe katika Katekisimo Ndogo alitaka tumtetee jirani na kumsema vema. Mgeni mwenye gari naye ni jirani.

Tunawaomba wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa wafanye mambo mawili. Kwanza, watafiti na waganga wafikapo, tuwasaidie kuwaeleza watu ni nini kinachochukuliwa, kwa nini, na majibu yatarudi lini. Maana hofu hukua pale ambapo hakuna maelezo. Pili, ijulikane katika kila usharika nani anashika ufunguo wa chumba cha kipaza sauti. Uvumi ukija usiku na watu wakitaka kitumike, mchungaji aende kwanza mwenyewe, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, akawaone wageni hao na kuwauliza majina yao.