Ukoo wa Seremala

Nilikulia Keko, nyuma ya karakana ya babu mzaa mama. Fomu za shule zilipodai jina la baba, niliandika la babu, nikiomba mwalimu asiulize zaidi. Kwa hiyo Injili ya Mathayo niliianzia sura ya pili. Ile ya kwanza, ya nani alimzaa nani, ilinichoma.

Nilipoisoma hatimaye, kabla ya Mariamu niliwakuta wanawake wanne: Tamari aliyezaa na baba mkwe wake, Rahabu kahaba wa Yeriko, Ruthu mjane wa kigeni, na mke wa Uria, asiyetajwa hata jina. Ukoo ulihesabiwa kwa wanaume; Mathayo angeweza kuwaruka. Hakuwaruka.

Hata kwetu imewahi kuwa hivyo. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, ilipokea watoto waliokombolewa utumwani, wengi wametenganishwa na koo zao. Hao hao wakawa mababu wa Wakristo wa pwani.

Orodha ya Mathayo inafika kwa Yusufu, seremala, aliyelea mtoto asiyemzaa. Nikasikia randa ya babu uani, nikafunga kitabu, nikaenda kumshikia ubao.