Hofu na Tumaini katika Nchi ya Dhahabu

Walimu wanaofundisha katika Usukuma, tangu Shinyanga hata Geita, huulizwa mara nyingi swali hili: Ikiwa Mungu anao mpango wake, na mpango huo ni mwema, mbona mwamini huogopa? Wengine hujibu upesi kwamba mwamini wa kweli haogopi. Jibu hili twaliona kuwa si sahihi, wala historia ya nchi yenyewe hailikubali. Twataka kuonyesha hapa kwamba kipimo cha tumaini si kukosa hofu, bali ni jambo ambalo mtu alifanya na hofu yake: je, aliichukua mwenyewe mbele za Mungu, au alimtwika mwingine?

Tuanze na maneno. Neno *hofu* limetoka katika Kiarabu, na *tumaini* vilevile. Asili ya hili la pili ni kutulia kwa moyo. Lakini *kutegemea* ni neno letu la Kibantu. Atumainiye ametulia moyoni. Ategemeaye ameegemea kitu kilicho nje yake, na kitu kile kikiondolewa ataanguka. Moyo waweza kukosa utulivu, na mtu akawa angali ameegemea pale pale. Tofauti hii ndogo yafaa sana kukumbukwa na mwenye kufundisha.

Sasa tuwatazame watu waliotangulia. Kusini mwa ziwa Nyanza ilikuwako nchi iliyoitwa Usambiro. Mwaka 1887 Alexander Mackay, Mskoti fundi wa mitambo, alifukuzwa Buganda na Kabaka Mwanga, akavuka ziwa, akajenga huko. Hakuja akiwa mtu asiyejua hatari. Askofu Hannington alikuwa ameuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885, na tarehe 3 Juni 1886 vijana Wakristo walichomwa moto Namugongo, na miongoni mwao walikuwamo aliowajua. Askofu Parker, aliyewekwa baada ya Hannington, alifika Usambiro, naye akafa huko mwezi wa Machi 1888, kabla hajaiona Buganda.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wamisionari wa makanisa yote mawili, Waanglikana na Wakatoliki, walifukuzwa Buganda pamoja. Waliokuwa wakishindana kwa maneno makali jana, leo walivuka ziwa katika mashua moja. Njiani kiboko aliitoboa mashua ile. Hata hivyo wakafika Usambiro, na Mackay akawapokea wote. Kisha mapadre wakaendelea hata Bukumbi, penye misheni yao iliyoanzishwa mwaka 1883.

Mwaka 1889 Stanley alipita Usambiro akielekea pwani. Mackay angeweza kuondoka pamoja naye, lakini alibaki. Aliendelea kufasiri Maandiko katika Kiganda, kupiga chapa, na kuunda mashua ya kurudia ng'ambo. Tarehe 8 Februari 1890 homa ikamwua, umri wake miaka 40. Misheni ya Usambiro haikudumu, na mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kwa mikono ya wengine.

Yatupasa kuangalia vizuri. Hapana hata mmoja wa watu hawa aliyeujua mpango. Kwa macho ya siku ile Usambiro ilikuwa mahali pa makaburi na kazi zilizokatika. Sisi tunaosoma baadaye twaona uzi unaoziunganisha, wao hawakuuona. Tena wahenga walisema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwenye busara anayo haki ya kuogopa. Lakini Usambiro hofu haikufunga mlango. Mwenye kuogopa alimfungulia mkimbizi aliyeogopa zaidi, naye alikuwa mpinzani wake.

Katika nchi zile zile kuna hofu nyingine, na hiyo huandamana na dhahabu. Wajerumani walitambua dhahabu Geita mwaka 1894. Mgodi mkubwa ulichimbwa tangu 1936 hata 1966, ukafunguliwa tena mwaka 2000. Shinyanga nako almasi za Mwadui ziligunduliwa mwaka 1940. Lakini pembeni mwa migodi mikubwa wapo maelfu ya wachimbaji wadogo, washukao kwa kamba katika shimo waliitalo duara. Mtu huyu anaziogopa hofu mbili: ya kwanza, kwamba ukuta utamwangukia, ya pili, kwamba atatoka mikono mitupu, ilhali ana deni na watoto.

Desturi ya zamani ya Wasukuma ilikuwa na njia ya kuikabili hofu. Mtu alimwendea mfumu, kuku akapasuliwa, na matumbo yake yakasomwa. Hatusemi kwamba yote yaliyokuwamo ni ubaya. Mlikuwamo kuwakumbuka wazee na kuwakusanya ndugu. Lakini swali la ramli mara nyingi ni moja: Nani amesababisha? Na swali hili halikosi kupata jibu lenye jina la mtu. Mara kwa mara jina lile limekuwa la mama mzee, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe alizopikia wajukuu. Wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo.

Tena dhahabu ilizaa baya zaidi. Tangu mwaka 2007 nchi yote ilisikia habari za watu wenye ualbino wanaouawa katika mikoa ya ziwa, na viungo vyao kuuzwa, kwa kuwa waganga wengine walifundisha kwamba hivyo huleta bahati katika machimbo na uvuvi. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mmoja. Mwezi wa Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Nayo shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, ikawa kimbilio la watoto waliotengwa na mama zao ili wapate kuishi.

Hapa ndipo tunapoona hofu imefika wapi. Mtu aliogopa umaskini na giza la shimo, akaitwika hofu yake juu ya mtoto asiyemjua. Na makanisa hayakukosekana katika vijiji vile.

Mwaka 2015 huo huo, mwezi wa Oktoba, mgodi wa Nyangalata katika wilaya ya Kahama uliporomoka, wachimbaji wakafukiwa. Baada ya siku 41 watano walitolewa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura, na maji yaliyodondoka. Wenzao walisikia sauti zao chini ya ardhi, wakachimba. Wengi walishangilia wakisema, Mungu alikuwa na mpango nao. Nasi twamshukuru Mungu. Lakini mwalimu na aseme kwa uangalifu, maana kanisani ameketi mjane ambaye mume wake hakutoka katika shimo jingine. Tukisema waliookoka walikuwa na imani, tumemwambia mjane yule kwamba mume wake hakuwa nayo. Hilo nalo ni ramli, ingawa halina kuku.

Basi tumfundisheje mchimbaji? Kwanza, tusimwambie kwamba hofu yake ni dhambi. Bwana mwenyewe katika Gethsemane alihuzunika hata jasho likamtoka, akaomba kikombe kimwondokee. Alipoona hakiondoki, hakumpa mwingine akinywe, na wale waliomkimbia hakuwalaani.

Pili, tulitumie vema lile neno *kutegemea*. Wachimbaji hufunga matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za duara. Mtu akishuka bila matimba na kusema kwamba yote yamepangwa, hajamtegemea Mungu; amemjaribu. Afungaye matimba vizuri kwa ajili ya mwenzake atakayeshuka zamu ya usiku, akaomba, akashuka huku moyo ukimdunda, huyo ameegemea.

Tatu, tuwe wepesi kwenda kwa yule ambaye hofu ya kijiji inamtafuta. Mama mzee akianza kunong'onwa, mwalimu na aonekane mlangoni pake mchana kweupe, aketi, ale chakula chake. Mtoto mwenye ualbino na aketi mbele darasani, apate kuuona ubao, na wenzake wafuatane naye njiani. Haya si mambo ya pembeni ya mafundisho juu ya maongozi ya Mungu. Katika nchi hii ndiyo mafundisho yenyewe.

Hatukuonyeshwa mpango wote, wala Mackay hakuonyeshwa. Lakini mlango wa kufungua tunao, na anayebisha twamsikia.